Waziri Aliyetafuta Picha Yake

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu nilipopita huko mara ya mwisho jina lenyewe lilikuwa limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na lilikuwa halijarudi. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina ziwa, ina Mlezi Mkuu mmoja, na ina serikali inayowapenda wananchi wake kiasi kwamba haitaki wachoke kwa kufikiri peke yao.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nje ya ukuta wa posta ya zamani, mama mmoja aitwaye Sikujua Mapalala aliuza vitabu vilivyokwisha kutumika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na ulimi usiofungwa na chochote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkutubi wa chuo cha ualimu, mpaka maktaba ilipogeuzwa ukumbi wa semina za kuhamasisha usomaji. Vitabu vilikuwa vinachukua nafasi ya viti. Mkuu wa chuo alimwambia avichukue vyote kabla wageni rasmi hawajafika, naye akavichukua, na tangu siku hiyo akawa anavipanga kila asubuhi juu ya turubai la bluu kando ya barabara, mgongo wake ukutani na uso wake kwa wapita njia.

Kila askari wa jiji aliyehamishiwa mtaa ule ilimbidi aanze naye upya.

“Jina?”

“Sikujua.”

“Sijakuuliza kama ulijua. Nimekuuliza jina.”

“Ndilo hilo, baba. Andika hivyo hivyo.”

Baada ya wiki askari alizoea, na wiki iliyofuata akahamishwa.

Jirani yake alikuwa Fundi Chande, mshona viatu, mtu mrefu aliyezoea kubana misumari midogo kati ya midomo, kwa hiyo maoni yake kuhusu serikali yalitoka nusu nusu. Alikuwa na benchi moja la wateja na redio moja iliyoshikiliwa na mpira wa tairi la baiskeli. Bi Sikujua alikuwa na vitabu. Kati yao wawili hakuna habari iliyowapita.

*

Sasa ni lazima nieleze ile sheria, maana bila hiyo siku ninayotaka kuisimulia haitaeleweka.

Miaka mitatu kabla, Waziri wa Kumbukumbu Sahihi alisimama bungeni kwa saa nne akiwasilisha Sheria ya Usafi wa Kumbukumbu. “Waheshimiwa wabunge,” alisema, “nchi yetu imekuwa ikitengua nusu nusu. Tunatengua uteuzi wa mtu leo, lakini jana yake tunamwachia. Huo ni uzembe. Ukifumua sweta, hubaki na mkono. Kuanzia sasa, mtu akitenguliwa, atakuwa ametenguliwa mpaka mwanzo.” Wabunge walipiga meza mpaka maji ya kunywa yakamwagika, na wale waliokuwa wamelala wakapiga meza pia, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imezoea.

Utekelezaji ulikuwa rahisi. Kiongozi alipotenguliwa kwenye taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, ilipofika saa tisa alasiri kila mwenye vitabu alitakiwa awe amefuta jina lake kwa wino wa taifa, ambao ni mweusi na unanuka mafuta ya taa. Kwenye picha mambo yalikuwa makali zaidi. Kifungu cha tisa kilisema: palipo na mmoja, funika wote, ili kuepuka upendeleo.

Vitabu vya uraia vya shule za msingi ndivyo vilivyoumia zaidi. Sura ya Viongozi Wetu ilikuwa imebaki mistari mitupu, na watoto wa nchi ile, ambao ni wasikivu, waliikariri kama ilivyo. Ukimuuliza mwanafunzi wa darasa la sita waziri wa kwanza wa kilimo alikuwa nani, alikujibu, “Mstari.” Na wa pili? “Mstari mrefu kidogo.” Walimu walisahihisha kwa rula.

*

Siku yenyewe ilianza na redio. Bi Sikujua alikuwa bado anafuta vumbi kwenye kamusi pale mtangazaji aliposema kwa sauti tulivu kwamba Mlezi Mkuu ametengua uteuzi wa mtu ambaye hakuwahi kuteuliwa, na kwamba nafasi yake, ambayo haikuwa na mtu, imejazwa. Waziri mpya akapewa kipaza sauti. “Namshukuru mtangulizi wangu,” alisema, kisha akakohoa kwa hofu. “Yaani, namshukuru kwa kutokuwepo.”

Fundi Chande alitoa misumari mdomoni. “Bi Siku, unajua ni nani?”

“Nani?”

“Yule wa sheria ya wino.”

Bi Sikujua aliweka kamusi chini. “Yule mwenyewe?”

“Yule mwenyewe. Wamemfumua kwa uzi wake.”

Mimi pia ni mtii wa sheria, kwa hiyo kuanzia hapa nami nitamwita Yule, na msomaji atanivumilia.

Saa tatu alifika Bwana Ponsiano, Afisa Msahaulishaji Daraja la Pili, kijana mnene mwenye adabu, akiwa na ndoo ya wino, brashi, na fomu kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na cheti cha usahaulifu na watoto wanne.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Leo tunamsahau nani?”

“Ukiniuliza hivyo unaniweka pabaya.”

“Basi nitamfutaje nisiyemjua?”

Bwana Ponsiano alitazama kulia na kushoto, akainama, na kwa kidole akachora herufi mbili hewani. Bi Sikujua akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha ikaja fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Mimi, nukta nyingi, nathibitisha kwamba nimemsahau, nukta nyingi. Kuandika jina kwenye nukta za pili lilikuwa kosa la kukumbuka. Kuziacha wazi lilikuwa kosa la kutokamilisha fomu. Watu kadhaa walikuwa wamefungwa kwa la kwanza na wengine kwa la pili, na gerezani hawakuelewana. Bi Sikujua aliandika pale, kama alivyoandika mara kumi na tisa kabla, neno moja: yule.

“Yule yupi?” aliuliza Bwana Ponsiano, maana alitakiwa kuuliza.

“Sikumbuki.”

“Vizuri sana. Nitarudi saa tisa kukagua.”

Alipoondoka, Bi Sikujua alichukua brashi akaanza kazi. Yule alikuwa ameshika wizara tano kwa nyakati mbalimbali na alikuwa amejaa vitabuni kama mchanga kwenye mchele. Katikati ya kazi akaja mwalimu mmoja wa shule ya jirani akiulizia kitabu cha uraia.

“Unataka toleo la juzi au la leo?”

“La leo.”

“La leo bado halijakauka, mwalimu. Keti kidogo.”

Mwalimu aliketi, kurasa zikapepewa kwa gazeti. Gazeti lenyewe lilisema kwamba bei ya mafuta imepanda kwa kushuka, na kwamba Daraja Kuu litazinduliwa wiki ijayo. Daraja hilo lilikuwa limezinduliwa mara nane. Kila aliyelizindua alikuwa ametenguliwa, na kwa hiyo lilikuwa jipya tena, ingawa sasa lilikuwa na matundu ambayo mtu aliweza kuona maji kupitia kwayo.

“Wakizindua mara ya tisa,” alisema Fundi Chande, “watakata utepe na daraja litakatika nao.”

“Fundi,” alisema mwalimu, “mimi nina watoto.”

“Mimi nimesema utepe tu.”

*

Saa sita na nusu, jua likiwa kali, mwanamume mmoja alikuja akitembea kwa taabu, kwa namna ya mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa ametembea zaidi ya kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Alivaa suti ya kijivu yenye tundu dogo kwenye kola, mahali beji ilipokuwa. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachama. Aliketi kwenye benchi la Fundi Chande bila kualikwa, akanyoosha mguu, akasubiri mtu amvue.

Fundi Chande alimtazama, akamtazama Bi Sikujua, akatia msumari mdomoni ili asiwe na la kusema.

“Kiatu anavua mwenyewe,” alisema Bi Sikujua.

Mtu yule akakivua. Kisha akageukia vitabu na kuongea kwa sauti iliyozoea ukumbi. “Mama, ninasimama mbele yako…”

“Umekaa.”

“Ninakaa mbele yako kama mtumishi wa taifa ambaye, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake, anatafuta chapisho. Chapisho lolote la zamani. Lenye picha.”

“Picha ya nani?”

Alifungua mdomo akaufunga. Ndipo Bi Sikujua alipokuwa na hakika ni Yule. Alikuwa amemfuta mara arobaini na mbili tangu asubuhi, na wino wake ulikuwa bado chini ya kucha.

Habari ilitoka vipande vipande huku Fundi Chande akigonga soli. Saa moja asubuhi Yule alikuwa ananyoa ndevu. Redio ilipomaliza, alitoka nje na povu shavuni kuuliza kwa nini gari halijawashwa, na mlinzi akafunga geti nyuma yake. Akamwita mkewe dirishani. Mkewe, ambaye siku zote alikuwa mtii wa sheria, alimtazama kama mtu anavyomtazama mchuuzi, akamwambia kwa upole kwamba sabuni wanayo.

Alikwenda kwa miguu mpaka Idara ya Waliotenguliwa. Huko kila aliyetenguliwa hupewa kitambulisho kipya na nyumba ndogo ya serikali mikoani, ili asihangaike mjini. Lakini karani alimweleza kwamba ili mtu atenguliwe ni lazima awe aliteuliwa. Alitakiwa alete kitu kilichochapishwa chenye picha, jina na cheo chake.

“Nikamwambia, vitu hivyo vyote vilifutwa kwa amri. Akaniuliza, amri ya nani. Nikamwambia, yangu. Akasema hamkumbuki aliyeitoa, ila alikuwa mtu mkali.”

“Ukafanyaje?”

“Nilikwenda polisi nikajisalimisha. Walinikatalia. Walisema mahabusu ina utaratibu wake, hawawezi kumfungia mtu ambaye hayupo.” Alijipangusa jasho kwa kiganja. “Bila kitambulisho siruhusiwi hata kupanda basi. Sina hata jina la kumwambia mtu anayeniuliza. Nimeambiwa na mfagizi wa idara kwamba wewe, mama, huwa una vitu.”

Bi Sikujua alijiweka sawa pale alipokaa. Alikuwa amekaa, kama alivyokaa kila siku, juu ya rundo la vitabu vitano vinene lililofunikwa mto. Watu walidhani ni kigoda. Kitabu cha katikati kilikuwa cha picha za maendeleo ya taifa, kikubwa, chenye jalada gumu, na hakikuwa na hata tone la wino. Ukurasa wa sitini na moja ulionyesha uzinduzi wa kwanza kabisa wa Daraja Kuu, miaka kumi na minne iliyopita. Katikati alisimama Yule, wakati huo Waziri wa Ujenzi, mkono umenyooshwa kuelekea utepe, na chini yake jina na cheo kwa herufi nene. Pembeni, amesimama kwenye mvua na kumshikia mwavuli, alikuwa dereva wa wizara, Zeferini Mapalala.

Zeferini alikuwa mume wake. Alifariki kwa kifua miaka sita iliyopita. Hakuwa mtu wa kupigwa picha. Kwenye picha ya harusi alikuwa anapiga chafya, kwenye kitambulisho alikuwa amefumba macho. Ile ya ukurasa wa sitini na moja ndiyo picha pekee duniani ambamo alikuwa anamtazama mtu anayemtazama. Na kwa kifungu cha tisa, palipo na mmoja, funika wote. Ndiyo maana kwa miaka mitatu Bi Sikujua alikuwa amekikalia kila siku kutoka saa mbili mpaka saa kumi na mbili, akijua kwamba hakuna waziri anayedumu, na tangu asubuhi ile alikuwa amekalia kosa la jinai.

“Kile kifungu cha tisa,” alisema taratibu. “Kiliandikwa na nani?”

“Na wataalamu.”

“Ukakisaini.”

“Nilikisaini.”

“Ulifikiria watu waliokuwa pembeni ya hizo picha?”

Yule alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. “Pembeni kulikuwa na watu?”

Fundi Chande aliacha kugonga.

Bi Sikujua alikuwa na jibu refu, la miaka mitatu, lenye maneno ambayo mkutubi hapaswi kuyajua, na lilikuwa limefika kooni. Lakini alimwona pale, soksi moja imetoboka kidole gumba, shavu moja limenyolewa na jingine bado, na akaona afadhali aulize kitu kimoja kwanza.

“Siku ulipozindua daraja kulinyesha mvua.”

“Ndiyo.”

“Nani alikushikia mwavuli?”

“Dereva.”

“Jina lake?”

Yule alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo kwenye koti ambalo si lake. “Jina silikumbuki,” alisema mwishowe. “Sitakudanganya, nimeshazoea kusahau majina. Lakini mwavuli naukumbuka.”

“Ulikuwaje?”

Kwenye kitabu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hapakuwa na mahali angeweza kusoma jibu.

“Wa wizara ulisahauliwa ofisini. Mvua ikaanza nikiwa nimeshafika kwenye utepe. Yule dereva alikimbia garini akarudi na mwavuli wa kike, wa maua ya zambarau, mbavu moja imevunjika, mpini umefungwa uzi mwekundu. Niliona aibu kusimama chini ya maua mbele ya mabalozi. Ndiyo maana naukumbuka. Akaniambia, Mheshimiwa, huu ni wa mke wangu, naomba nirudi nao.”

“Akarudi nao?”

“Hapana,” alisema Yule. “Niliondoka nao. Upo nyumbani, nyuma ya mlango wa stoo. Ningekuletea, lakini mlinzi haniruhusu kuingia.”

“Na yeye alikuwa chini ya mwavuli?”

“Ulikuwa mdogo. Ulinitosha mimi.” Akatazama kiatu chake mikononi mwa fundi. “Alilowa mpaka viatu. Alipokuwa ananirudisha, maji yalikuwa yanachuruzika kwenye usukani, na alikuwa anaimba.”

Hilo la kuimba Bi Sikujua hakuwa amelijua. Zeferini alikuwa amemweleza mambo yote ya siku ile, mvua, utepe, mwavuli kuchukuliwa, na kwa wiki mbili alikuwa amekohoa kitandani huku akicheka habari za maua. Lakini kwamba aliimba hakusema. Katika mji mzima, watu waliokumbuka mwavuli ule walikuwa wawili, na mmoja wao kisheria hakuwepo.

“Alikuwa anaimba nini?” aliuliza.

“Sijui. Kitu cha kanisani. Aliimba vibaya.”

“Ni yeye,” alisema Bi Sikujua, akasimama.

Aliutoa mto, akakichomoa kitabu, akaketi tena, akakifungua ukurasa wa sitini na moja juu ya mapaja yake huku Fundi Chande akisogeza benchi kuwakinga na barabara. Yule alipojiona, kijana, mwenye mashavu na jina, alifanya kitu ambacho hakuna waandishi wa habari waliowahi kukiona: alifunika uso kwa mikono yote miwili.

“Fundi, nipe mkasi.”

“Wa ngozi au wa uzi?”

“Wenye ncha.”

Alikata polepole. Alianzia mkono ulionyooshwa, akapanda bega, akazunguka kichwa chini kabisa ya ukingo wa mwavuli, akashuka upande wa pili mpaka viatuni, na kuchukua pia ile mistari miwili ya herufi nene chini yake. Yule alipoona mwavuli umeachwa nyuma akajaribu kunyoosha kidole.

“Mama, nadhani picha ingependeza kama ingekuja na…”

“Mwavuli unabaki,” alisema Bi Sikujua. “Ulishauchukua mara moja.”

Alimpa kile kikaratasi, kirefu kama kidole. Yule alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfuko wa ndani wa koti, akavaa kiatu chake. Alikuwa tayari kuhutubia, ilionekana kifuani, lakini hotuba haikuja. Alisema tu, “Asante, mama,” akaondoka akifuata kivuli cha ukuta, akigusa mfuko kila baada ya hatua chache.

*

Saa tisa kamili Bwana Ponsiano alirudi. Alikagua kamusi, akakagua vitabu vya uraia, akanusa kurasa mbili tatu. Kisha akatoa karatasi mfukoni, na sauti yake ikawa ya chini.

“Bi Mkubwa, mchana umekuja waraka mpya kutoka kwa waziri mpya. Tumeagizwa kukagua na vitabu vinavyokaliwa.”

Fundi Chande alimeza mate, na nusura ameze msumari.

Bi Sikujua alisimama. Hakuwa na la kufanya. Bwana Ponsiano aliinua mto, akavitoa vitabu kimoja kimoja, na kile kikubwa kikafunguka chenyewe pale kilipokuwa kimezoea kufunguka. Daraja. Utepe. Mvua. Dereva ameshika mwavuli wa kike. Na chini ya mwavuli tundu lenye umbo la mtu mwenye mkono mmoja mbele, ambalo kupitia kwalo ilionekana sehemu ya ukurasa wa sitini na tatu, kuhusu mbolea.

Afisa alikitazama kwa muda mrefu. Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakaona ndoo ya wino, wakaendelea na safari.

“Hapa palikuwa na nani?”

Bi Sikujua alirekebisha miwani. Miaka ishirini na miwili ya kuwanyamazisha wanachuo ilikuwa imempa uso mzuri. “Bwana Afisa unaniuliza kama palikuwa na mtu?”

Bwana Ponsiano akaona alipokuwa anakaribia kutumbukia. Mwenye cheti cha usahaulifu hawezi kuuliza palikuwa na nani. Alirudi nyuma hatua moja.

“Sijauliza. Ninachoona mimi ni tundu.”

“Ni tundu.”

“Tundu halijatenguliwa.” Akageuza kitabu kidogo kuelekea mwangani. “Na huyu wa mwavuli?”

“Dereva wa wizara. Zeferini Mapalala. Mume wangu.”

“Aliwahi kutenguliwa?”

“Hapana. Alifariki.”

“Alifariki tu?”

“Alifariki tu.”

“Basi yupo,” alisema Bwana Ponsiano, akatoa muhuri.

Bi Sikujua ilimbidi aketi chini, juu ya turubai lenyewe, kati ya vitabu vya jiografia. Afisa alidhani ni jua. Akamwomba Fundi Chande ampe maji, kisha akaendelea kuandika kwenye daftari lake la ukaguzi, kwa sababu daftari lilikuwa na safu zake na kila safu ilitaka kujazwa. Mahali: Daraja Kuu. Tukio: uzinduzi. Mzinduzi. Hapo alisita, akahesabu waliokuwepo pichani kwa mujibu wa sheria, akapata mmoja. Akaandika: Zeferini Mapalala, kwa mwavuli.

*

Kuhusu Yule, habari zilifika baadaye kupitia mfagizi wa idara. Makarani walikikagua kile kikaratasi wakaridhika kabisa kwamba ni cha waziri. Walichoshindwa kukubali ni kwamba mtu aliyekileta anahusiana nacho. Basi picha ikapewa barua ya uteuzi asubuhi na barua ya kutenguliwa mchana, ikapewa kitambulisho, na ikapewa nyumba ya serikali mkoani, vyumba viwili na bustani. Yule akaajiriwa kuwa mlinzi wake. Inasemekana huipangusa kila siku, na kwamba amejifunza majina ya majirani wote.

Daftari la Bwana Ponsiano nalo lilipanda ngazi, kutoka mtaa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi wizara, na huko hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuuliza kulikuwa na kifungu chake. Miezi minne baadaye kitabu kipya cha uraia cha darasa la sita kilitoka, na katika Sura ya Viongozi Wetu, kati ya mistari, kulikuwa na jina moja lililosomeka vizuri. Daraja Kuu, kitabu kilisema, lilizinduliwa na Ndugu Zeferini Mapalala, mtumishi mwadilifu ambaye hajawahi kutenguliwa. Watoto walipita barabarani wakitoka shule wakilikariri kwa sauti kubwa, wakifurahi kupata neno lenye silabi.

Bi Sikujua alinunua nakala moja kwa bei ya watu wote. Aliisoma pale pale ukutani, akaisoma tena, halafu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumfikisha kwenye machozi, mpaka Fundi Chande akatema misumari yote mkononi.

“Kuna nini, Bi Siku?”

“Zeferini hakuwahi kulivuka daraja lile hata siku moja. Alisema wamelipaka tu saruji, hawakulijenga. Siku ile yenyewe alimshusha waziri upande huu, na walipomaliza akageuza gari. Mpaka anafariki, kwenda ng’ambo alizunguka kwa kivuko, saa nzima, na mimi nikiwa pembeni namlalamikia.”

Kundi la wasichana wa shule lilikuwa limesimama mbele ya turubai. Mmoja wao alionyesha kitabu alichoshika Bi Sikujua. “Bibi, mwalimu ametuambia tuandike habari zaidi za huyu mzinduzi. Unazo?”

Fundi Chande aliinama kumnong’oneza. “Utawaambia?”

Bi Sikujua alifuta miwani kwa upindo wa kanga, akaivaa, akasogeza kamusi ili wasichana wapate pa kukaa.

“Alikuwa anaimba vibaya,” alisema. “Andikeni hilo kwanza.”